Maji Yalipofika Magotini

Kabla hujashuka kisimani, teremsha taa kwanza. Nasema taa ya kibatari, yenye utambi na moto, si tochi ya simu. Nimeshamwona kijana wa siku hizi akifunga simu yake kwa kamba, akaiteremsha mpaka chini, akaiona bado inawaka, akaniambia, "Mzee, kuko shwari." Simu haivuti hewa, mwanangu. Hiyo ingewaka hata kaburini. Kibatari kikizimika njiani, ujue huko chini hakuna hewa ya binadamu. Hapo huna budi kukaa juu, uteremshe tawi lenye majani mengi, ulipandishe na kulishusha mpaka hewa ichanganyike, kisha ujaribu taa tena. Wako waliokuwa na haraka, na hatukuwapandisha wakiwa hai.

Nimeanza na hilo ili hata mkichoka kusoma njiani muwe mmepata kitu cha kuwafaa. Maana nawajua vijana wa kanisa letu, mkiona mzee ameandika kurasa nyingi mnapitisha macho juu juu kisha mnasema mmebarikiwa. Mlinikuta nje baada ya ibada, mkaniambia mkutano wenu unahusu kumtegemea Mungu, na mngependa kumbukumbu za mtu aliyefanya kazi ngumu. Mmoja wenu akasema, "Mzee Karisa, tuandikie jinsi ulivyomtumikia Bwana kwa nguvu zako." Nilicheka, nanyi mkacheka, ila hatukuwa tunacheka jambo moja.

Kazi yenyewe niliianza kabla ndevu hazijaota, nikaiacha magoti yalipokataa. Nimechimba visima Malindi mjini, nimechimba mpaka Kilifi, lakini zaidi nimechimba Magarini kwa sababu ndiko kwetu. Aliyenifundisha aliitwa Mzee Baya. Jina hilo ni la kwetu Wagiriama na halina ubaya wowote, lakini wenyeji wa mjini walipolisikia walichekacheka, naye akicheka nao, akiwaambia, "Baya ni mimi, kisima kitakuwa kizuri."

Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kofia ya kitambaa ambayo hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Kwa kuchimba hakuwa na kasi. Alipiga sururu kidogo, akapumzika, akasimulia kisa, akapiga tena. Mimi nilimdharau kimoyomoyo kwa sababu nilikuwa na mikono kama miguu ya meza, na kazi ambayo yeye angeifanya kutwa mimi niliimaliza kabla ya jua la utosi. Kabla ya kushuka alivua kofia na kuomba kwa sauti, na maombi yake yalikuwa mafupi: "Bwana, naenda chini. Juu mko wewe na Karisa, na Karisa amezoea kusinzia." Kisha akajifunga kamba, akashuka akiimba. Alikuwa na sauti mbaya sana, na kisima kiliifanya iwe mbaya zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu bila hili hamtaelewa yaliyofuata. Huku kwetu pwani, maji matamu na maji ya chumvi hukaa shimo moja. Maji matamu ni ya mvua, yamezama ardhini taratibu, nayo huelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka lenyewe mara nyingi ni jembamba. Bara ukitaka maji mengi unachimba zaidi. Hapa ukichimba zaidi unatoboa chini ya maji matamu, na chumvi inapanda. Fundi wa pwani hajulikani kwa kuchimba, maana kuchimba hata panya huchimba. Anajulikana kwa kuacha.

Na kwa kuacha huko Mzee Baya alikuwa na neno lake. Hakusema "tumemaliza" wala "tumefika". Maji yakifika magotini, ukapumzika kidogo na kuona hayapungui, alisema, "Tushukuru." Alipanda juu, akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa maji hayo ya magotini, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuingiza sururu tena katika kisima kile. Ndipo sisi mafundi wa upande huu tukawa tunaulizana, "Mmeshukuru wapi?" maana yake mliacha kina gani. Mwenye kisima mara nyingi alinung'unika, akisema hayo ni maji ya kuoshea vikombe. Mzee Baya alimjibu, "Sisi tumechimba mchana. Usiku Mungu naye atachimba kidogo." Asubuhi tulipofunua mdomo wa kisima, maji yalikuwa yamepanda kifuani. Nililiona jambo hilo mara nyingi sana, na kila nilipoliona nilijiambia kwamba maji yangepanda hata shingoni kama tungeongeza bidii.

Nilikuwa na tatizo la kuamini kesho yangu. Tulipokuwa tukichimba Shella ya Malindi, katika ua wa Bwana Omari, mwenye nyumba aliniuliza maji yatapatikana lini. Nikamwambia, "Kesho alasiri."

"Sema inshallah, yakhe," akaniambia.

"Hapana, Bwana Omari. Kesho alasiri."

Siku iliyofuata tukakuta mwamba ambao sururu iliurukia na kurudi. Tukaupiga kwa mtaimbo na nyundo, siku ikaisha, na nyingine, na nyingine. Kila alasiri Bwana Omari alitoka na kikombe chake cha kahawa, akainama kwenye mdomo wa kisima, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, leo ndiyo ile kesho?" Mzee Baya alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nami nikawa nasema Mungu akipenda, lakini nililisema kwa mdomo tu, kama mtu anavyosema samahani anapokupita kwenye foleni.

Kanisani nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa Mkristo wa misuli. Mawe ya ukuta wa kanisa letu la zamani niliyabeba mimi, mabenchi niliyapanga mimi, na mgonjwa akihitaji kupelekwa barabarani, nilikuwa nimeshambeba kabla wenzangu hawajainuka. Maombi yakirefuka nilitoka nje kutafuta la kufanya. Niliomba, ndiyo, lakini kuomba kwangu kulikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo umeshaingia na umeshakaa. Watu walinisifu, na mchungaji wa wakati ule akinitaja mimbarini nilitazama chini kwa unyenyekevu huku masikio yakiwa wazi.

Basi niwaambie juu ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Kadzo. Mama yetu alifariki mimi nikiwa sijaanza kutembea vizuri, na Kadzo, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana, ndiye aliyenifunga mgongoni kwa leso. Alikuwa akienda kuteka maji mbali, mimi mgongoni na mtungi kichwani, na mpaka leo utosini ana mahali ambapo nywele hazioti. Nilipoanza kupata ujira wa kuchimba, nilimwambia kwamba siku moja nitamchimbia kisima, na yeye alisema, "Kwanza jifunze kuosha miguu kabla ya kulala." Aliolewa Magarini, upande ambao ukisimama penye mwinuko unayaona mashamba ya chumvi yakimeta mashariki. Mumewe alipofariki, akabaki na binti yake Mbeyu na shamba. Aliniita, akaniambia anataka kulima mchicha na nyanya auze sokoni, asihame kwenda kuishi kwa watu. "Nahitaji maji tu, Karisa," alisema. "Hata kidogo."

Angalieni neno hilo, hata kidogo. Alilitamka waziwazi na mimi nikalisikia.

Mzee Baya alikuwa ameshaacha kushuka visimani, lakini alikuja kunichagulia mahali, akakaa juu kwenye kamba. Kazi ilikwenda vizuri. Udongo ulikuwa laini, kisha mwamba wa matumbawe usio mgumu, kisha mchanga mweupe wenye unyevu. Maji yakaanza kuja. Nikayaonja, yalikuwa matamu na baridi. Nikapiga, nikajaza ndoo, nikapiga, mpaka yakafika magotini.

"Yamefika wapi?" Mzee Baya akauliza kutoka juu.

"Magotini."

"Basi shukuru, mwanangu, upande."

"Bado."

Akaivuta kamba kidogo. "Unatafuta nini tena huko?"

"Nataka dada yangu asipungukiwe na maji maisha yake yote."

"Hilo si lako kuliahidi," akasema. "Panda."

Sikupanda. Nataka mjue kwamba sikuwa na moyo mbaya. Nilikuwa nampenda dada yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa kiziwi. Mtu akikosea kwa chuki, dhamiri humchoma mapema. Akikosea kwa upendo, hujiona anafanya ibada. Nikachukua mtaimbo, nikapiga chini ya miguu yangu, mwamba ukalia kama debe tupu, nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, na maji yakaruka mpaka kiunoni. Nilipandishwa juu nikipiga kelele za furaha. Kadzo alipiga vigelegele, majirani wakaja, na mimi nikasimama katikati yao nikitiririka maji kama niliyeyaumba. Mzee Baya alichota kwa kiganja, akaonja, akayaweka ulimini kwa muda. Wala hakuivua kofia. Akasema anaumwa na mgongo, akaomba kurudi nyumbani.

Maji yalikuwa matamu siku zile za mwanzo. Mchicha ukaota, Kadzo akanitumia mafungu ya kwanza. Kisha majani yakaanza kuungua pembeni. Dada yangu aliliona jambo hilo na hakuniambia. Nilipokwenda kumtembelea alinimiminia chai, akainywa ya kwake na kusema ni nzuri. Ni Mbeyu, ambaye wakati ule alikuwa hajajua kuficha neno, aliyesema, "Mjomba, chai yetu siku hizi ina chumvi kabla hatujatia sukari."

Nikaweka kikombe chini. Nilikwenda kisimani, nikachota, nikaonja, na nikajua. Nilishuka siku hiyo hiyo kuziba nilipotoboa. Nikashindilia mawe, nikamwaga saruji, nikaongeza udongo wa mfinyanzi. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara chumvi ilipata njia nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya chumvi yakishapanda hayashuki. Bustani ya dada yangu ikafa. Akarudi kuteka maji mbali, sasa akiwa mtu mzima, na mdomo wa kisima changu tukaufunika kwa mbao ili mbuzi wasitumbukie.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nikaingia, nikasema, "Shikamoo dada," akaitika, "Marahaba, karibu," akaendelea kusonga sima. Nikaanza hotuba yangu. Hakuniacha nifike mbali.

"Karisa, nimeshakusamehe. Kaa tule."

"Dada, hujanielewa. Nimekuharibia shamba."

"Najua. Nalilia kila siku asubuhi. Nimekusamehe, kaa tule."

Alikuwa ameweka sahani mbili, sima na mboga ya mchunga, chungu kama dawa, chakula ninachokipenda tangu utotoni. Na hapo, vijana wangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo ni kubwa kuliko la kisima. Kisima nilikiharibu siku moja. Hili nimelifanya kwa miaka. Nilisimama nikamwambia, "Sitakula wala kunywa katika nyumba hii mpaka nikupatie maji matamu kwa mikono yangu."

Akafuta mikono kwa leso. "Unataka kunilipa?"

"Nataka kutengeneza nilichoharibu."

"Mimi sikukukopesha," alisema. "Nilikubeba mgongoni, na hilo umenilipa nini? Kaa, ndugu yangu, sima inapoa."

Nikatoka. Nilijiona shujaa. Niliposimulia kanisani, watu walitikisa vichwa kwa heshima, na mchungaji akanitaja tena mimbarini kuwa mfano wa mtu anayechukua dhamana ya makosa yake. Hakuna aliyeniuliza yule dada anakula na nani.

Tangu hapo kila nilipopata nafasi nilikwenda Magarini kuchimba. Shamba lake nililitoboa mpaka jirani mmoja akaniuliza kama tunazika watu. Nilifuata dalili zote nilizofundishwa na zile nilizozitunga. Chimba karibu na kichuguu, maana mchwa hawajengi palipo pakavu kabisa. Tazama mahali ambapo ukungu hukaa chini asubuhi wakati kwingine umeshainuka. Angalia miti inayobaki kijani wakati wa kiangazi, ila si mikoko, hiyo hunywa chumvi na kufurahi. Dalili hizo ni za kweli na zimenipa maji kwa watu wengine wengi. Kwa Kadzo, kisima kimoja kilikuwa kikavu, kingine kilibomoka nikiwa nimetoka kula, kingine kilikuwa na chumvi tangu tone la kwanza.

Nilikuwa nikifika namsalimia uani, sipiti kizingiti. Saa ya chakula Kadzo aliniletea sahani mpaka kwenye mdomo wa kisima, akaiteremsha kwa ndoo. Mimi niliirudisha juu kwa ndoo ile ile. Hatukugombana. Ndoo ilishuka na sima, ikapanda na sima. Njaa iliponizidi nilijidai naenda kutafuta msumari, nikaenda kibandani barabarani kula mahamri, na siku moja Mbeyu alinikuta pale mdomo umejaa. Alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Mjomba, sima ya mama ina nini?" Nilimwambia hawezi kuelewa mambo ya watu wazima.

Mzee Baya naye alilisikia jambo hilo. Nilipokwenda kumwona, akiwa hawezi tena kutoka kitandani, nilitarajia anisifu kwa kutokata tamaa. Aliniuliza, "Bado hujala kwa dada yako?"

"Bado. Nimeahidi mbele za Mungu."

"Mungu alikuomba ahadi hiyo?"

Nikainuka kumrekebishia mto.

"Mimi sikusoma," akasema, "lakini naomba unijibu. Kama kila mtu anajilipia mwenyewe, Yesu alikwenda msalabani kufanya nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia amekuwa mzee, nikamwekea maji ya kunywa karibu na kitanda, nikaondoka. Sikuonana naye tena akiwa hai. Mnajua mtu anavyoweza kulibeba swali kama jiwe ndani ya kiatu, akatembea nalo akichechemea, na bado asikae chini kuvua kiatu. Nilikuwa hivyo. Niliimba juu ya neema kila Jumapili kwa sauti kubwa, na Jumatatu nilibeba sururu kwenda kuithibitishia mbingu kwamba mimi siihitaji.

Mtaniambia kwamba bidii si dhambi. Si dhambi, na mvivu asije akajifunika kwa maneno yangu. Mzee Baya alichimba. Hakukaa juu akaomba shimo lijichimbe. Lakini alijua mahali ambapo sururu inaishia na mkono mwingine unaanza, na akifika hapo aliweka sururu chini na kuvua kofia. Hujikuna mtu ajipatapo, wahenga walisema, na mgongo una mahali ambapo mkono wako haufiki hata ukiwa na nguvu namna gani. Dhambi yangu ilikuwa ni kuona aibu ya kukunwa.

Kisha bomba likaja. Serikali ilivuta maji, mabomba yakapita kando ya barabara, na siku moja mafundi wa bomba, vijana wadogo wenye kofia za plastiki, wakamwekea Kadzo mfereji uani kwake. Walifanya kazi hiyo asubuhi moja wakipiga soga. Maji yalikuwa matamu. Kadzo alinipigia simu mwenyewe, nikaisikia sauti yake ikicheka kama alivyocheka akiwa msichana.

"Karisa, maji yamefika mlangoni. Sasa njoo ule."

Nadhani mnajua nilivyojibu. Nilimwambia, "Hayo si maji yangu, dada."

Kadzo akasema, polepole, "Mimi sikutaka maji yako. Nilikutaka wewe."

Hata hapo sikwenda. Niliona nikila sasa nitakuwa nimeshindwa, na miaka yote ile ya kuchimba itakuwa bure. Ilikuwa bure tayari, lakini mimi nilitaka iwe na maana. Nikaenda kuchimba tena, kisima kingine, upande wa kaskazini wa shamba lake, peke yangu na kibarua wa kushika kamba, na huko ndiko goti langu lilipopinda vibaya jiwe lilipoteleza. Nikapelekwa hospitali Kilifi. Daktari alitazama picha za mifupa yangu, akaniambia kazi ya visima imekwisha. Mwanamume niliyebeba mawe ya kanisa nilipelekwa chooni nikiwa nimeshikwa mabega. Vijana wa kanisa, wengine ni nyinyi, mliniletea maji ya kuoga na uji, na mimi niliwanunia kwa kuwa mlikuwa mkinipa nisichoweza kuwarudishia.

Nilikaa nyumbani nikijihurumia kwa muda mrefu kuliko goti lilivyohitaji. Mbeyu, ambaye sasa ni mama wa watoto na amerudi kuishi na mama yake, alinipigia mara kwa mara. Alisema mama anasahausahau. Nilidhani ni kusahau kwa wazee wote, mahali walipoweka miwani, jina la jirani. Mbeyu akasema, "Mjomba, usichelewe." Nami nikasema nitakuja goti likipata nafuu. Nilitaka kuingia kwake nikitembea vizuri.

Mwishowe nilikwenda. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshinda lolote. Asubuhi moja nilijaribu kuomba nikakosa maneno, nikabaki nimekaa, nikasema tu, "Bwana, sina kitu cha kumpelekea." Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya kwanza. Nikachukua mkongojo nikaondoka, mikono mitupu, bila sururu, bila hata mkate. Njia nzima moyo ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nakwenda kula kwa dada yangu.

Nilimkuta amekaa mkekani barazani. Amekuwa mdogo. Nikasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba, mwanangu," akaitika kwa furaha. "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Mbeyu alikuwa mlangoni. Alitazama pembeni.

Kadzo alimwita alete chakula, kwa kuwa mgeni hasalimiwi kwa maneno matupu. Ikaja sima na mchunga. Nilipita kizingiti, nikanawa, nikakaa mbele yake. Nilikula tonge la kwanza na machozi yakaingia kwenye mboga, wala sikuyafuta. Yeye alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu usiyemjua anayelia, akanisogezea maji ya kunywa.

Nilipokuwa naendelea kula akaweka mkono wake juu ya ukingo wa sahani. "Usimalize, baba," akasema kwa adabu. "Bakisha kidogo. Nina ndugu yangu yuko kisimani, bado hajala."

"Dada," nikasema, "ni mimi. Mimi ndiye Karisa."

Akacheka kwa upole, akatazama mkongojo, akatazama mikono yangu. "Wewe ni mzee mwenzangu," akasema. "Karisa ni kijana. Ana nguvu sana."

Vijana wangu, ningekuwa na uwezo wa kuchimba mpaka ndani ya kichwa chake nikamtolea jina langu, ningechimba. Hakuna sururu ya kazi hiyo. Siku hizi namwomba Mungu, asubuhi na jioni, ampe hata mara moja aniinulie macho na kunijua. Naomba kama mwombaji, sina cha kuweka mezani. Bado hajajibu kwa namna ninayoitaka, na sijui kama atajibu. Lakini nimeacha kumpangia.

Naenda kwake kila Jumamosi. Ananikaribisha kama mgeni, ananipa sahani, nakula nusu. Nusu inayobaki anaifunika vizuri kwa sahani nyingine, anaiweka kando asiiguse mtu, anamwekea Karisa.